Peku, raba na njumu: Chimbuko la maneno ya mguu usio na kiatu cha michezo

MTOTO anapoingia uwanjani bila viatu vya michezo, Mwingereza ana maneno mawili makuu ya kumweleza. Anaweza kusema kwamba mtoto huyo ni "barefoot", au kwamba ni "shoeless". Mkalimani mwenye haraka huyafasiri yote mawili kwa neno moja, peku, kisha akaendelea na kazi yake.

Maneno hayo, hata hivyo, hayana asili moja wala hayasemi jambo moja. Tofauti iliyopo baina yake si mchezo wa wasomi wa lugha pekee. Katika Namboboto na vijiji vingine vya Funyula, kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, tofauti hiyo iliwahi kuhusu afya ya maelfu ya wanafunzi, na utafiti uliofanywa huko ulikuja kusomwa duniani kote.

Neno "barefoot" ni kongwe. Lilikuwamo katika Kiingereza cha Kale, kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, na limeundwa kwa sehemu mbili: "bare", yaani tupu au wazi, na "foot", yaani mguu. Ni muundo ule ule wa Kiswahili wa miguu mitupu. Neno la namna hii hutazama mguu wenyewe na kueleza hali yake. Halisemi kwamba kuna kitu kilichotarajiwa ambacho hakikufika.

"Shoeless" ni neno la tabia nyingine. Linaanza na kiatu, kisha linakikanusha kwa kiambishi "-less". Wanafunzi wengi wa Kiingereza hudhani kwamba kiambishi hicho ndicho lile neno "less" lenye maana ya pungufu au kidogo zaidi. Sivyo. Kinatokana na neno la Kiingereza cha Kale lililotamkwa karibu na "leas", lenye maana ya kuwa huru na kitu au kutokuwa nacho, na ni ndugu wa neno "loose", yaani legevu au lililofunguliwa. Wajerumani wanalo hadi leo kwa sura ya "-los". Kwa hiyo maana ya asili ya "shoeless" ni aliyeachana na kiatu, ijapokuwa matumizi ya leo yameiegemeza zaidi upande wa ukosefu: aliyestahili kuwa na kiatu naye hana.

Kiambishi hicho ni chepesi na hupachikwa penye karibu kila nomino. Ndiyo maana Mmarekani aweza kusema "sneakerless" akimaanisha mtu asiye na viatu vya michezo, na kila anayemsikia akamwelewa papo hapo, hata kama hajawahi kulisikia neno hilo maishani mwake. Neno kama hilo, bila shaka, haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kiatu kinachotajwa ndani yake. Kabla ya viatu vya michezo kubuniwa hakuna aliyevikosa.

Kiswahili nacho kina njia mbili zinazokaribia hizo. Kuna peku, au pekupeku kwa mkazo, neno linaloeleza mguu na mwendo wake: alikuja peku, alicheza pekupeku. Kisha kuna njia ya kukanusha: bila viatu, pasipo viatu, asiye na viatu. Bila ni neno tulilopewa na Kiarabu, na humo lilikotoka ni maneno mawili yaliyoungana, bi na la, yaani kwa pasipo. Njia ya tatu ni kitenzi kukosa, na hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa kikali kuliko Kiingereza. Kukosa ni kutopata; lakini kukosa ni kufanya kosa pia. Mwanafunzi aliyekosa raba siku ya michezo huweza kusimama mbele ya wenzake kama mkosaji, na lugha yenyewe imeshatoa hukumu kabla ya mwalimu.

Peku halina hukumu hiyo, na ushahidi mzuri umo kanisani. Mwaka 1562, Mtakatifu Teresa alianzisha huko Ávila, Uhispania, nyumba ya kwanza ya watawa waliotaka kurudia ukali wa kanuni ya Karmeli. Watawa wa mageuzi hayo waliitwa kwa Kilatini kwa neno lenye maana ya waliovua viatu, kutokana na "calceus", kiatu cha Warumi. Waingereza wakaligeuza kuwa "discalced". Wakatoliki wa Afrika Mashariki hawakuhitaji kukopa neno hilo gumu. Wao husema Wakarmeli Peku, na hakuna anayedhani kwamba watawa hao walishindwa kununua viatu. Vivyo hivyo Mwislamu anayeacha viatu mlangoni mwa msikiti hajakosa kitu. Mguu wake ni mtupu kwa hiari na kwa heshima.

Kiatu chenyewe si mgeni katika lugha za Kibantu. Kiswahili husema kiatu, na Wakamba hali kadhalika. Wakikuyu husema kiratu. Pwani kulikuwa na makubazi ya ngozi na mitalawanda ya mti, Wareno wakaacha sapatu, na India ikaleta champali. Waliokuwa peku, basi, walikuwa peku katika dunia iliyovijua viatu. Kiatu cha michezo ndicho kilichokuja baadaye, na majina yake yanastahili kutazamwa kwa sababu kila moja limebeba historia ya mahali lilipotoka.

Bila mpira, viatu hivyo visingekuwapo. Mmarekani Charles Goodyear alipata hataza ya kuuimarisha mpira kwa joto na salfa mwaka 1844, na baada ya hapo iliwezekana kushikamanisha soli ya mpira na turubai bila soli hiyo kuyeyuka wakati wa jua au kupasuka wakati wa baridi. Nchini Uingereza kiatu hicho kilipewa jina "plimsoll". Asili yake ni Samuel Plimsoll, mbunge wa Derby, aliyepigania sheria ya mwaka 1876 iliyozitaka meli za mizigo zichorwe mstari ubavuni ili zisijazwe kupita kiasi na kuzama na mabaharia wake. Utepe wa mpira uliozunguka kiatu, pale turubai linapokutana na soli, uliwakumbusha watu mstari huo. Maji yakipita juu ya utepe, mvaaji hulowa kama meli iliyozidishiwa shehena.

Wamarekani walichagua sifa nyingine ya kiatu hicho: ukimya wake. Kitenzi "sneak" ni kunyatia, na "sneaker" ni kinyatiacho. Gazeti moja la Boston lilieleza mwaka 1887 kwamba vijana waliviita hivyo viatu vya tenisi, na kwamba walimu waliosumbuliwa nao ndio walioelewa vyema sababu yake. Mwalimu aliyevaa viatu vya ngozi alisikika akija. Mwanafunzi aliyevaa vya mpira hakusikika kamwe.

Afrika Mashariki haikuchukua mstari wa meli wala mnyato. Ilichukua malighafi. Raba ni "rubber" ya Kiingereza iliyovikwa sauti za Kiswahili, na Waingereza walikuwa wameupa mpira jina hilo katika karne ya 18 kwa sababu ulifaa kusugua na kufuta maandishi ya penseli. Kwa hiyo si ajabu kwamba mwanafunzi wa Kenya ana raba mbili, moja ya kufutia daftarini na nyingine ya kuvaa mguuni. Neno hilo geni lilifaa pia kwa sababu neno la asili lilikuwa limelemewa. Mpira ni utomvu, ni ile tufe inayopigwa, ni mchezo wenyewe, na ni bomba la kumwagilia maji. Mtu akisema viatu vya mpira, je, ni viatu vilivyotengenezwa kwa mpira au viatu vya kuchezea mpira? Raba lilikata shauri hilo.

Kiatu cha mwanasoka kina jina lenye fahari zaidi. Njumu katika Kiswahili cha zamani ni nakshi ya fedha au shaba iliyopachikwa juu ya mti au chuma, kama ile iliyopamba bunduki na vifuniko vya masanduku. Kiatu chenye vyuma au meno chini ya soli kikaitwa njumu, na leo vijana wengi hawajui kwamba neno hilo lilikuwa la mafundi wa urembo kabla ya kuwa la washambuliaji na mabeki. Watanzania aghalabu husema daluga.

Kwa familia nyingi za mashambani, viatu vya dukani vilikuwa vya Bata, kampuni ambayo imekuwa na kiwanda Limuru kwa zaidi ya miaka 80. Wengine walivaa akala, vilivyokatwa kutoka kwa magurudumu ya magari yaliyochakaa, au ndala. Raba za mitumba nazo huuzwa katika masoko ya miji ya mpakani kama Busia na Malaba, zikiwa na majina ya kampuni za ng'ambo na alama za miguu ya watu wengine ndani yake. Hata hivyo, ndala au akala havimwondoi mchezaji katika kundi la waliokosa. Mwenye ndala akiingia uwanjani huzivua kando ya chaki, kwa kuwa haiwezekani kupiga mpira nazo, na hapo huwa peku sawasawa na yule aliyetoka nyumbani hana chochote.

Mtu maarufu kuliko wote aliyebandikwa jina la "shoeless" hakuwa maskini wa viatu siku alipolipata. Joe Jackson alikuwa mchezaji wa besiboli kutoka Greenville, South Carolina, aliyeanza kazi katika viwanda vya nguo akiwa mtoto. Alivyosimulia mwenyewe uzeeni ni kwamba alinunua njumu mpya, zikamtoa malengelenge, na siku iliyofuata akacheza na soksi tupu. Hakuna aliyeona mpaka alipoupiga mpira mbali na kuanza kukimbia, ndipo mtazamaji mmoja akampigia kelele kwa jina hilo. Ilikuwa mchezo mmoja tu. Jackson alivaa viatu maisha yake yote ya uchezaji, akafika Chicago White Sox, akapigwa marufuku pamoja na wenzake saba kwa kashfa ya fainali za 1919, na akafariki mwaka 1951 akiwa bado anaitwa Shoeless Joe. Jina lilinasa kwa sababu liligusa jambo ambalo Wamarekani wa kaskazini walilidhani juu ya kijana wa viwandani wa kusini, kwamba watu wa huko hawakuwa na viatu.

Dhana kama hiyo iliwasubiri wanamichezo wa Afrika walipokwenda Ulaya. Timu ya soka ya Nigeria ilizuru Uingereza mwaka 1949, Gold Coast, yaani Ghana ya leo, ikafuata mwaka 1951, na Uganda mwaka 1956. Wachezaji wengi wa timu hizo walicheza peku, na habari za miguu yao zilichukua nafasi kubwa magazetini, mara nyingine kuliko habari za mabao. Baadhi ya wachezaji walikuwa wakizijua njumu vyema lakini waliona zinawapunguzia wepesi na kuwazuia kuuhisi mpira. Waandishi wa Uingereza waliona upungufu. Wachezaji waliona ustadi.

Kwa wanariadha mambo hayakuwa tofauti. Mwaka 1954 Wakenya wawili, Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro, walishiriki mashindano ya ubingwa wa riadha wa Uingereza katika uwanja wa White City, London. Chepkwony alikimbia maili sita peku, akiongeza na kupunguza kasi kwa namna iliyowavuruga wapinzani, kabla ya kujitoa akiwa ameumia. Kesho yake Maiyoro, naye peku, aliwatangulia wote katika maili tatu kwa pengo kubwa la mapema, na hatimaye akamaliza wa tatu nyuma ya Freddie Green na Chris Chataway, ambao walivunja rekodi ya dunia siku hiyo. Maiyoro alikwenda Melbourne mwaka 1956 na kumaliza wa saba katika mita 5,000, kisha Roma mwaka 1960 akawa wa sita.

Michezo hiyo ya Roma ndiyo iliyolipa neno "barefoot" sura mpya. Mnamo Septemba 10, 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16.2, wakati bora kuliko wote hadi siku hiyo. Masimulizi mengi huishia hapo kama hadithi ya maskini aliyewashinda matajiri, nayo huacha jambo muhimu. Viatu vilikuwapo. Vile alivyopewa havikumkaa vizuri, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi peku, basi akachagua alichokijua. Miaka minne baadaye, huko Tokyo, alivaa viatu na kushinda tena, kwa wakati bora zaidi. Bikila wa 1960 alikuwa "barefoot". Kumwita "shoeless" ni kukosea habari yenyewe.

Katika Roma hiyo hiyo alikuwapo kijana mmoja mwenye nasaba ya Funyula. Aggrey Awori, aliyefariki mwaka 2021, alikimbilia Uganda katika mita 110 kuruka viunzi, kabla ya kwenda kusoma Harvard na baadaye kuwa mbunge na waziri wa nchi hiyo. Nduguye, Moody Awori, alikuwa mbunge wa Funyula kwa zaidi ya miaka 20 na makamu wa rais wa Kenya kuanzia 2003. Ukoo mmoja ulitoa mwanasiasa wa Kenya na mwanasiasa wa Uganda, jambo lisilowashangaza Wasamia, ambao mpaka wa wakoloni uliwakuta wakiishi pande zote mbili.

Hiari ya kukimbia peku haikufa na kizazi hicho. Tegla Loroupe alishinda mita 10,000 katika Michezo ya Nia Njema mwaka 1994 na tena 1998 akiwa peku, wakati ambapo angeweza kupata viatu vyovyote alivyotaka. Sheria za riadha za dunia zinamruhusu. Mkimbiaji anaweza kushindana bila viatu, au na kiatu mguu mmoja tu iwapo ndivyo anavyotaka. Siku hizi wasimamizi hushughulika zaidi na soli zilizozidi unene kuliko na soli zisizokuwapo. Soka ni kinyume chake. Sheria ya nne ya mchezo huo inataja viatu miongoni mwa vifaa vya lazima. Mtoto wa Namboboto anayecheza vizuri kuliko wenzake wote akiwa peku anaweza kukimbia mbio za kimataifa jinsi alivyo, lakini hawezi kuingia katika mechi rasmi ya soka mpaka apate njumu.

Kuna kioja kingine kilichozaliwa na sifa hizo za mguu mtupu. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake, uliowachunguza pia wakimbiaji wa Bonde la Ufa. Ulionyesha kwamba waliozoea kukimbia peku hutua mara nyingi kwa sehemu ya mbele ya unyayo na hupunguza kishindo cha kisigino. Punde madukani kulijaa bidhaa zilizoitwa kwa Kiingereza viatu vya peku, yaani kiatu kinachouzwa kwa sifa ya kutokuwa kiatu. Kampuni moja kubwa ya bidhaa hizo, Vibram, ilikubali mwaka 2014 kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliosema ahadi zake za afya hazikuwa na msingi. Wakati huo utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ulikuwa umeonyesha kwamba wengi wao hutua kwa kisigino ingawa wamezoea kwenda peku tangu utotoni.

Mjadala huo wa visigino haukuwahusu sana wazazi wa Funyula. Huko hatari ya kwenda peku haikuwa namna ya kutua bali kilichokuwamo udongoni. Funza, mathalan, hakuwa mdudu wa asili wa bara hili. Alifika Angola mwaka 1872 kwa meli kutoka Brazil, akasambaa hadi Afrika Mashariki kabla ya karne hiyo kwisha. Tangu hapo mguu mtupu ulikuwa na adui ambaye mababu hawakumjua.

Adui wa zamani zaidi ni mnyoo wa safura. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi, na katika udongo wenye joto na unyevu huanguliwa vibuu visivyoonekana kwa macho. Vibuu hivyo hupenya ngozi ya mguu, aghalabu katikati ya vidole, huingia katika damu na kufika mapafuni, kisha hupanda kooni na kumezwa hadi matumboni. Humo hujishikiza na kunyonya damu. Mtoto mwenye minyoo mingi hupungukiwa damu, huchoka na kusinzia darasani, na siku nyingine haji kabisa.

Mwaka 1998 shirika la International Child Support lilianza mpango wa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi za tarafa za Funyula na Budalangi, zilizokuwa na wanafunzi zaidi ya 30,000. Wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer waliufuatilia kwa kuzigawa shule katika makundi matatu yaliyoanza kupata dawa kwa zamu. Uchunguzi wa mwanzo ulibaini kuwa zaidi ya asilimia 90 ya watoto waliopimwa walikuwa na angalau aina moja ya minyoo au kichocho. Baada ya dawa, utoro ulipungua kwa takriban robo, ijapokuwa alama za mitihani hazikubadilika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004, na Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliotuzwa Nobeli ya uchumi mwaka 2019 kwa tafiti za namna hiyo.

Ndani ya utafiti huo mna sehemu inayohusu viatu moja kwa moja, nayo hutajwa mara chache. Pamoja na dawa, shule zilipewa mafunzo ya afya. Walimu walifundishwa, nao wakawafundisha watoto kunawa mikono, kuepuka maji yenye kichocho, na kuvaa viatu. Watafiti walipohesabu baadaye waliokuwa wamevaa viatu, waliokuwa safi na waliokuwa wakienda majini, hawakuona badiliko lolote la maana kati ya shule zilizofundishwa na zile ambazo hazijafikiwa.

Baadhi ya wasomaji walilichukua tokeo hilo kama dalili ya ukaidi au ya elimu kutoeleweka. Maelezo yaliyo karibu zaidi na maisha ya Funyula ni kwamba somo lilieleweka barabara. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna kiatu hahitaji kuambiwa faida ya kiatu. Somo lilimtazama kama mtu aliye "barefoot", aliyechagua mwendo wake na anayeweza kuchagua mwingine, ilhali yeye alikuwa "shoeless". Tokeo jingine la mpango huo linaunga mkono maelezo haya: mwaka 2001 wazazi katika baadhi ya shule walipotakiwa kuchangia fedha kidogo kwa dawa zilizokuwa za bure, kiwango cha waliozitumia kilianguka kutoka takriban asilimia 75 hadi chini ya asilimia 20.

Ni haki kusema pia kwamba kiatu kisingemaliza yote. Safura hupitia mguuni, lakini mchango na minyoo mingine huingia kwa mdomo, na kichocho humpata anayeoga au kuvua katika maji ya Ziwa Victoria, avae raba barabarani au asivae. Ndiyo maana mkazo uliwekwa katika dawa, na serikali ya Kenya ikaanza mwaka 2009 mpango wa kitaifa wa kuzitoa shuleni, ukiwafikia watoto zaidi ya milioni tatu mwaka huo.

Utafiti wenyewe haukupita bila kupingwa. Mwaka 2015 wataalamu wa chuo cha afya na tiba za tropiki cha London walirudia hesabu zake na kuonyesha makosa, hasa katika makadirio ya manufaa yaliyoenea hadi shule jirani, na mabishano hayo bado hugawanya wasomi. Miguel na wenzake waliendelea kuwatafuta wanafunzi wale wale walipokuwa watu wazima, baadhi wakiwa wamehamia Nairobi, wengine Uganda. Ripoti yao ya mwaka 2021 ilisema kwamba, miaka 20 baada ya dawa, waliozipata kwa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa na matumizi ya nyumbani yaliyozidi kwa asilimia 14 na mapato ya saa yaliyozidi kwa asilimia 13.